Chini ya Gari Jeupe

Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Fundi Rangi alizunguka nyuma ya lori bovu kwenda kuchukua kopo la puti ya kuzibia bodi alilolisahau jana yake, akaona viatu viwili vimetokeza chini ya gari dogo jeupe. Visigino chini, ncha juu. Aliita mara moja, akaita tena, kisha akainama. Alipoinuka hakupiga kelele. Alitembea hadi ofisini, akaketi kwenye benchi la wateja na kumwambia mwenye yadi, "Yule mzee wa jana bado yuko."

Saa mbili kamili Sajenti wa upelelezi alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke wa makamo, goti la kushoto limemkataa tangu alipoanguka kwenye ngazi za mahakama, na kila alipopiga magoti uso ulimkunjamana. Hata hivyo alipiga magoti. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemzoesha kuangalia mambo kutoka chini.

Yadi ilikuwa ya magari yaliyotumika. Mbele, karibu na barabara, yalipangwa yaliyooshwa yakang'aa, bei imeandikwa kwa chokaa kwenye kioo. Kadiri ulivyosogea nyuma ndivyo bei ilivyoshuka na maradhi yalivyoongezeka. Ardhi yote ilikuwa udongo mwekundu, bado unanata kwa mvua ya Alhamisi, isipokuwa kipande kimoja kando ya geti la nyuma kilichomwagwa kokoto nyeupe. Hapo ndipo watu wa nje walipoacha magari yao wauziwe kwa kamisheni. Asubuhi hiyo palikuwa na magari mawili, na katikati yao nafasi tupu ya gari moja.

"Jeki imeteleza, Afande," alisema mwenye yadi, ambaye watu wote walimwita Bei Poa. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso ingawa jua halijapanda. "Udongo umelowa. Ajali ya kazi, Mungu amrehemu."

"Nani kasema ajali?"

"Sasa itakuwa nini?"

Watu wanne waliinua gari, marehemu akatolewa na kulazwa juu ya turubai. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amevaa ovaroli ya kaki iliyofuliwa mpaka ikapauka. Kifua kilikuwa kimepondeka. Walipomgeuza, Sajenti aliandika kwenye daftari lake: *Mgongo wa ovaroli una vumbi jeupe, mabegani hadi kiunoni. Kijiwe kimoja kimenasa kwenye kola. Udongo mwekundu kidogo tu, visiginoni na makalioni.*

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa uzi mweusi kwenye kifundo, na uzi umekatika. Mfukoni mlikuwa na leso, penseli, na kasha la miwani. Alilifungua kasha. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea na kipande cha kitambaa cha rangi ya fedha, upana wa kidole, kimekunjwa vizuri. Cha kufutia vioo, alifikiri, akalifunga. Simu haikuwepo, wala ufunguo wowote. Ufunguo wa gari jeupe ulikuwa umening'inia ofisini kwenye msumari wake.

Halafu aliigeukia jeki. Ilikuwa jeki ndogo ya mkasi, imelala kwa ubavu. Kwenye skrubu yake kulikuwa na ukungu wa rangi ya buluu, kama vumbi la rangi lililopeperushwa na bomba likatua mahali lisipotakiwa. Sajenti alifungua buti la gari jeupe. Chini ya tairi la akiba, kwenye kishikizo chake, jeki ya gari lenyewe ilikuwa imetulia, imevaa vumbi la miaka.

Alisimama akaifuata ardhi kwa macho. Kutoka kwenye kokoto hadi kwenye gari jeupe zilikuwa hatua kumi na tano. Katikati ya njia, palipokuwa na unyevu, palionekana mifereji miwili myembamba sambamba, kama ya visigino.

"Hapa palikuwa na gari gani?" aliuliza, akionyesha ile nafasi tupu.

"La mtu wa nje. Mwenyewe kaja kulichukua saa moja na nusu, kabla hujafika. Alikuta vurugu, akaniomba nimfungulie geti kubwa, nikamfungulia. Kusema kweli nilifurahi kupungukiwa na kitu kimoja humu ndani."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mwalimu wa chuo cha uuguzi. Mtu wa watu."

* * *

Saa tatu alifika msichana aliyekuwa amevaa sare ya uanafunzi wa uuguzi, viatu vyeupe vimechafuka matope. Hakuambiwa. Aliiona turubai, akaona kona ya ovaroli, akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

Sajenti aliketi naye chini, goti likilalamika.

"Ni mjomba wangu," alisema msichana. "Kaka yake mama. Alikuwa fundi miaka thelathini na tano. Nilimleta mimi."

Alieleza polepole, akishikilia mkoba wake kwa mikono miwili. Yuko mwaka wa tatu. Mafunzo ya vitendo amepangiwa kituo cha afya kilicho nje kabisa ya mji, na mama yake, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, lazima apelekwe kliniki mara mbili kwa wiki. Akiba yake ilikuwa ya kununulia gari moja dogo, kuukuu, lisilokunywa mafuta, na akikosea hakuna mara ya pili. Alikuwa na daftari la shule alilochora safu mbili: gari jeupe la yadi, na gari la buluu la mwalimu mlezi wa darasa lake. Umri wa gari, ukubwa wa injini, bei ya vipuri, matairi. La buluu lilikuwa rahisi kupita kiasi.

"Mlezi alisema ananipunguzia kwa sababu anajua hali ya mama," alisema. "Mjomba akasema sawa, lakini bei ya huruma nayo ikaguliwe. Tulikuja jana saa tisa. Akaanza na jeupe. Akapitisha sumaku yake kwenye bodi, ilikuwa haimtoki, ameifunga mkononi kwa uzi. Pale palipojazwa puti sumaku haishiki. Ikadondoka sehemu nne. Akamwambia yule fundi, 'Hili si gari, ni ukuta wa plasta.' Wakagombana sana."

"Fundi yupi?"

Msichana aliinua kidevu kuelekea kwenye benchi. Fundi Rangi alikuwa anatazama mikono yake.

"Halafu?"

"Saa kumi kasoro dakika kumi nikaondoka kuwahi zamu. Nikamwacha anaanza la buluu. Usiku mama alidhani amekwenda kulala kwake; asubuhi sikumkuta, nikaja kumtafuta huku."

* * *

Fundi Rangi alihojiwa saa nane mchana, kwenye chumba chenye meza moja na dirisha lililopakwa rangi nusu.

"Uligombana na marehemu."

"Aliniaibisha mbele ya mteja. Nani asingegombana?"

"Ulisema nini?"

Fundi Rangi alilamba midomo. "Nilimwambia ataondoka hapa kwa machela."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Bei Poa anasema tangu saa kumi hakukuona."

Fundi Rangi alikwangua rangi iliyokauka kwenye kucha yake.

"Nakuuliza tena. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa yadi, Afande."

Alikuwa anadanganya, na alidanganya vibaya, kama mtu asiyezoea. Aliwekwa ndani. Bei Poa naye aliitwa, akaanza kuomba radhi kabla ya swali la pili. Sajenti alidhani amepata kitu, na kweli alipata: mwenye yadi alikiri kwamba mita ya kilomita ya gari jeupe aliirudisha nyuma kwa mkono wake, na ya mengine sita pia. Ndiyo hofu yake yote. Kuanzia saa kumi hadi kufunga alikuwa ofisini na wanunuzi wawili na wakala wa bima, wakijaza fomu, na wote watatu walithibitisha. Saa kumi na mbili alifunga bila kuzunguka nyuma.

"Geti la nyuma?"

"Kubwa lina kufuli, ufunguo ninao mimi. Mlango mdogo wa watu tunauacha wazi mchana."

Jumapili saa nne daktari wa maiti alipiga simu. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni kwa kitu chembamba cha chuma, mfano wa spana ya magurudumu. Udongo laini usingefanya vile. Kifo kilitokea kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

"Na kifua?" Sajenti aliuliza.

"Kifua kilipondwa baadaye. Lakini moyo ulikuwa bado unapiga."

Mchana huo huo mfamasia mmoja alikuja kituoni na mumewe, amekasirika, akiuliza kwa nini fundi wake amefungwa. Ijumaa saa kumi na robo hadi giza lilipoingia, Fundi Rangi alikuwa nyumbani kwao akilipaka gari lao rangi, kwa siri, kwa sababu Bei Poa angejua anamwibia wateja angemfukuza. Majirani wawili walimwona. Sajenti alimfungulia mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?"

"Nina watoto wanne, Afande. Nilidhani mtajua wenyewe kwamba sikuua."

Alilitazama shavu la mtu yule, lililovimba kwa kupigwa na wenzake wa selo, akamrudishia viatu na mkanda wake.

* * *

Jioni ile ya Jumapili alikwenda nyumbani kwa msichana. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kanga begani, amezungukwa na majirani. Msichana alimpokea jikoni.

"Gari la buluu," alisema Sajenti. "Ufunguo wake nani alikuwa nao?"

"Mimi. Mlezi alinipa Ijumaa asubuhi darasani. Akasema nisiupoteze, ndio pekee, mwenzake alipotea zamani. Plastiki ya kichwani ilikuwa imepasuka inanikwaruza, nikaizungushia plasta ya kidonda. Nilipoondoka nikamwachia mjomba, na namba ya Mlezi nikampa, kama ana swali amwulize mwenyewe."

Sajenti aliandika neno *pekee* akalipigia mstari.

"Na Mlezi alijua mnachagua kati ya gari lake na lile jeupe?"

"Nilimwonyesha daftari langu. Alinisifu kwa kuwa makini."

Msichana aliinua sufuria mekoni, akairudisha bila kuangalia. "Afande, kwa nini unaniuliza habari za Mlezi?"

"Ninauliza kuhusu kila mtu, binti."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akienda kazini kwa miguu, Sajenti alisimama kwenye njia panda kusubiri magari yapite. Wafagiaji wa barabara walikuwa wameanza kazi. Mmoja alipita mbele yake akisukuma mkokoteni, amevaa kizibao cha manjano chenye mikanda ya kuakisi mwanga. Taa za basi zikampiga mgongoni, na ule mkanda ukawaka rangi ya fedha.

Magari yalisimama kumpisha. Sajenti hakuvuka. Aligeuka na kurudi, akitembea haraka kuliko goti lilivyoruhusu, hadi kwenye stoo ya vielelezo, akaomba kasha la miwani la marehemu. Alikikunjua kile kitambaa mezani. Hakikuwa laini. Kilikuwa kigumu, upande mmoja unang'aa, upande wa pili una nyuzi za manjano.

Kisha alikwenda dawati la ajali za barabarani. Jalada lilikuwa jembamba. Wiki tano zilizopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mfagiaji wa barabara, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, aligongwa na gari lisilojulikana. Dereva alikimbia. Aliokotwa saa kumi na mbili na dakika ishirini akiwa bado ana pumzi, akafariki njiani. Kizibao chake kilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi. Pindo la chini lilikuwa limechanika, kipande hakipo. Sajenti alikisogeza kile cha kwenye kasha la miwani kikagusana nalo. Uzi kwa uzi.

* * *

Mlezi wa darasa alikuwa na ofisi ndogo yenye mfano wa mifupa ya mtu kwenye kona na picha za kufundishia ukutani: namna ya kuzuia damu, namna ya kumlaza aliyezimia. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, tai imenyooka, sauti ya chini. Alisimama kumpokea Sajenti, akamsogezea kiti.

"Nimeumia sana kwa ajili ya mwanafunzi wangu," alisema. "Tunakusanya rambirambi."

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Nilisimamia mtihani. Saa nane hadi saa kumi na moja."

"Hukufika yadi?"

"Ijumaa, hapana. Jumamosi asubuhi nilikwenda kuchukua gari langu. Nilibadili mawazo kuhusu kuuza."

"Mjomba wake alikupigia simu?"

"Sijawahi kuongea naye."

Sajenti alishukuru akatoka. Hakwenda mbali. Katibu muhtasi wa idara, aliyesimamia mtihani ule pamoja naye, alikuwa chumba cha tatu akipanga mafaili.

"Mwalimu? Alitoka," alisema bila kusita. "Simu ilimtetemeka mfukoni saa kumi na robo na kitu, akaenda nje kuipokea. Akarudi amebadilika rangi, akaniambia mama mkwe kazidiwa. Nilimaliza mtihani peke yangu. Bahasha ya majibu alikuja kuisaini saa kumi na mbili kasoro dakika tano."

"Alikuwaje?"

Katibu alifikiri. "Alikuwa amebadilisha shati. Nikasema labda ni mambo ya hospitali."

Kampuni ya simu ilileta orodha Jumanne saa tano. Simu ya mwisho ya marehemu ilipigwa Ijumaa saa kumi na dakika kumi na nane, ikadumu dakika tatu. Namba ilikuwa ya Mlezi.

* * *

Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, walimkuta kwake. Gari la buluu lilikuwa uani, limefunikwa turubai, pua imeelekea ukutani. Sajenti alikuja na askari wawili, na msichana, na mtu wa nne ambaye hakuitwa bali aliomba mwenyewe kuja: Fundi Rangi, na shavu lake lililovimba.

"Hati ya upekuzi hii hapa, Mwalimu. Ufunguo tafadhali."

Mlezi aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mwanafunzi wake alihamisha macho. Alitoa ufunguo mfukoni akampa Sajenti. Kichwani ulikuwa umezungushiwa plasta ya kidonda, imechafuka oili.

"Binti, unaujua huu?"

"Niliufunga mimi," alisema msichana. "Huo ndio niliomwachia mjomba."

"Nina wa akiba," alisema Mlezi haraka. "Huo ni wa akiba. Yeye aliona mwingine."

"Tuonyeshe huo mwingine."

"Sijui ulipo. Huenda marehemu alikuwa nao."

"Marehemu hakuwa na ufunguo wowote. Na huu wenye plasta uliachwa mkononi mwake saa kumi kasoro. Umesema Ijumaa hukufika yadi. Sasa ulitokaje mkononi mwake ukaingia mfukoni mwako?"

Mlezi aliugeukia mlango wa nyumba yake.

Fundi Rangi alikuwa ameshavua shati akaingia ubavuni, kichwa kikapotea ndani ya madigadi ya kushoto. Sauti yake ilitoka humo ikiwa nzito. "Hapa mbele pamenyooshwa kwa haraka. Bampa si lake. Puti unene wa kidole." Mkono wake uligonga chuma. "Afande, kuna kitu kimeshika kwenye chuma."

Alitoka akiwa amekikamata kiganjani. Ilikuwa sumaku ndogo, mviringo, uzi mweusi umefungwa kwenye tundu lake, umekatika. Msichana aliiangalia akafunika mdomo.

"Ilikuwa imeshika pale pale puti inapoishia na chuma kizima kinapoanza," alisema Fundi Rangi. "Mzee alikuwa anajua kazi." Akaenda kufungua buti, akainua zulia. "Rangi imepigwa buti likiwa wazi, imeingia mpaka humu ndani. Kishikizo cha jeki kitupu. Spana ya magurudumu hakuna."

"Jeki ninayo," alisema Sajenti. "Ina rangi ya buluu. Ilikuwa chini ya gari jeupe, ambalo jeki yake yenyewe haikuguswa. Mzee hakupigwa pale alipokutwa, Mwalimu. Mgongo wake ulikuwa umejaa vumbi la kokoto. Ulimvuta hatua kumi na tano ili tulipekue gari lile na hili tuliache. Na geti kubwa lilikuwa na kufuli, kwa hiyo ukalisubiri gari lako mpaka asubuhi."

Alitoa kasha la miwani, akalifungua, akashika kile kitambaa kati ya vidole.

"Alikipata hiki nyuma ya bampa lako. Nimekipeleka kwenye kizibao cha mwenyewe, kimeingia uzi kwa uzi. Unataka nikwambie jina lake? Au unalijua?"

Mlezi aliketi kwenye ukingo wa kibaraza. Alivuta tai ikalegea, akaitazama kama imemshangaza.

"Nilikuwa natoka zamu ya usiku hospitali binafsi," alisema. "Nafanya kazi mbili. Nilisinzia, labda sekunde mbili. Nilisikia tu."

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Ukashuka?"

"Nikashuka. Nilimshika shingoni." Vidole vyake viwili viliinuka vyenyewe, vikakaa hewani. "Alikuwa anapumua. Nilijua la kufanya. Ninalifundisha kila mwaka. Nikawaza kazi, nikawaza jela, nikawaza watoto. Nikasema mtu atapita."

"Alipita baada ya dakika hamsini."

Mlezi aliitikia kwa kichwa.

"Na gari ukaamua kumuuzia mwanafunzi wako."

"Nilitaka liende mbali na mji, kwa mtu asiye na uwezo wa kupeleka gari kwa mafundi wakubwa," alisema. "Na nilitaka limsaidie. Yote mawili ni kweli."

Msichana alisogea hatua moja. Askari mmoja aliinua mkono kumzuia, Sajenti akatikisa kichwa: mwache.

"Mjomba alikwambia nini kwenye simu?" msichana aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Aliniita Mwalimu. Alisema njoo tuongee kabla sijaongea na mtu mwingine. Nilipofika alinionyesha palipopondeka nyuma ya bampa, akamtaja yule mfagiaji, akaniambia wewe ni mlezi wa mtoto wetu, sitaki ukamatwe mbele ya wanafunzi, twende kituoni wenyewe, nitakusindikiza. Nikamwomba. Akasema yule mama naye alikuwa wa watu. Kisha akaniambia ngoja nitoe sumaku yangu, akanipa mgongo, akaingiza mkono kwenye madigadi."

Ndani ya nyumba mtoto mdogo alikuwa anakariri tebo ya saba kwa sauti.

"Spana ilikuwa pale chini," Mlezi alisema.

Sajenti alikuwa na swali moja lililomkaa tangu Jumapili. Hakulihitaji kwa mashitaka. Aliliuliza hata hivyo.

"Mwalimu, kabla hujamweka chini ya gari jeupe, ulimpima mapigo?"

Mlezi aliangalia vidole vyake.

"Yalikuwepo," alisema.

Askari walimfunga pingu na kumpitisha mlango wa nyuma wa ua, kwa sababu mtoto alikuwa amenyamaza na nyayo zake zilisikika zikija.

* * *

Jumatano asubuhi msichana alikuja kituoni kuchukua vitu vya mjomba wake. Vingine vilibaki kama vielelezo. Alipewa leso, penseli na miwani bila kasha, akasaini. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi, kofia mapajani. Yeye alikuwa ameitwa kuandika maelezo kama mume wa mfagiaji.

Sajenti aliwaona wakiwa wamekaa ncha mbili za benchi moja, kila mtu anaangalia ukuta wake. Alisimama mlangoni akitafuta namna ya kuwatambulisha. Hakuipata. Akasema tu, "Huyu ni mpwa wa yule mzee."

Mwanamume aligeuka polepole.

"Yule mzee aliyekiona kile kitambaa?"

"Ndiye," alisema msichana.

"Wiki tano nimekuwa nikitazama pua za magari ya watu," alisema yule mwanamume. "Sokoni, hospitali, kanisani, popote. Naangalia bampa, naangalia taa. Watu walianza kusema nimerukwa na akili." Aliizungusha kofia yake. "Lile sikuwahi kuliona."

"Mimi ndiye niliyempeleka kulikagua," alisema msichana. "Ningechukua lile jeupe bila kuuliza, angekuwa nyumbani."

Mwanamume alimtazama kwa muda mrefu. Sajenti alidhani atasema neno la kumfariji, la aina ile ambayo watu husema. Hakulisema.

"Mnazika lini?"

"Kesho saa nane. Lakini kaburi bado. Upande wa mama wanaume wamebaki wawili, na wote ni wazee."

Mwanamume alivaa kofia, akasimama, akatoa karatasi na kalamu kwenye mfuko wa koti lake.

"Niandikie njia ya kufika," alisema. "Nitakuja alfajiri na kaka zangu. Tuna majembe yetu."

Msichana aliichukua kalamu. Alikosea, akaanza upya mstari wa kwanza, akaandika.